Seli ya Tatu

Dakika kumi na nane kabla ya duru ya pili.
Ziwa Peipsi limekuwa sakafu, jeupe, gumu,
na magari tumeyaegesha juu ya maji
kana kwamba maji hayapo.
Kindege changu kimelala kwenye buti ya gari, tumbo wazi.
Betri moja imekwisha. Ya pili ninayo kwapani,
ndani ya koti, ndani ya sweta, juu ya fulana,
maana lithiamu yenye baridi haichajiwi:
humeza umeme vibaya,
kama mtoto anayenyweshwa dawa akilia.

Kalju anapita na birika la kahawa.
"Urve, unaatamia yai?"
Simjibu. Nahesabu.

Chaja yangu sikuinunua.
Benki ilipofunga tawi lake la Mustvee
niliokota pawasaplai ya kompyuta zao jalalani,
nikazitia nyaya lehemu juu ya meza ya jikoni,
nikaibana feni kwa vibanio vya plastiki.
Inanguruma kama inayodai deni.

Kwenye betri pameandikwa: ampea tano, saa nzima.
Sina saa nzima.
Nazungusha kitufe. Kumi. Kumi na tano. Ishirini na mbili.
Nyaya zinapata uvuguvugu, halafu joto,
na theluji iliyo chini yake inatokwa jasho.

Ubavuni kuna utepe mweupe, mwandiko wa Heino:
*Juni. Nzima. Usiiache juani.*
Mwaka hakuandika.
Lakini Juni hiyo naijua,
ile aliyopanda juu ya paa kuziba bomba la moshi
na kushuka bila kushikwa mkono.
Kwa umri wa betri, hii ni bibi kizee.
Nyumbani nina mpya nne kwenye kasha.
Mpya hazina mwandiko.

Mita inasema: seli ya kwanza, nne nukta sifuri sita.
Ya pili, hivyo hivyo.
Ya tatu, nne nukta moja tisa, na bado inapanda,
haina habari na wenzake.
Kila betri ina seli ya namna hiyo.
Kwetu alikuwa mjomba Ants.

"Toa," anasema Kalju. Safari hii hatanii.
Nasema, dakika mbili.
Nne nukta mbili tatu.
Nasema, moja.

Ndipo nilipoisikia, si kwa sikio, kwa kidole:
palipokuwa bapa pamefanya kitumbo,
laini, kama kope za mtu aliyelia usiku kucha.

Sikuchomoa. Niling'oa.
Sufuria ya mama mkwe, mchanga nusu,
hiyo kila mmoja wetu anayo, hata asiyebeba soksi za akiba.
Nikaitupa humo, nikakimbia.
Mbio za sakafuni huishia ukingoni, wanasema,
ila sakafu hii haina ukingo,
ni weupe tu mpaka Urusi.

Moshi kwanza, mtamu puani, utamu usioutaka.
Kisha sauti ya shuka inayochanwa.
Kisha mwali mmoja mwekundu, mrefu, wa haraka,
ukamaliza kwa pumzi moja
umeme wote niliokuwa nikiulazimisha.
Barafu ikatoboka kiasi cha kisahani,
maji meusi yakachungulia.

Duru ya pili ilirushwa bila mimi.
Alishinda Merili, binti wa Taavet, ana miaka kumi na moja
na chaja ya dukani, ile ya polepole.
Aliiwasha usiku, wakakaa naye macho yeye na baba yake,
wakicheza karata.

Saa tisa alasiri nilikwenda kuchukua sufuria.
Mchanga ulikuwa umeshikana ukawa jiwe.
Nikachokonoa kwa bisibisi, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.
Utepe haukuwepo. Bila shaka haukuwepo.

Pawasaplai ilikuwa bado inanguruma,
feni ikiipulizia baridi baridi,
nyaya mbili zikiwa zimelala midomo wazi.
Kalju aliinama akaizima.
"Kahawa imebaki," akasema. "Ila imepoa."
Nikainywa hivyo hivyo.